Gari Tuliyoisomea Fatiha

Siku ya tatu, siku ya hitma, tulikuwa watu hawa. Nianze na hao, maana mtu akihadithia msiba bila ya kusema nani alikuwepo, huwa kama anatunga.

Alikuwepo mwanangu wa kwanza, kaka wa marehemu, aliyesimamia mazishi. Alikuwepo mwalimu wa chuo aliyewasomesha Kurani wajukuu zangu, kwao Pemba, nimemjua tangu hajaota ndevu. Alikuwepo mtu mmoja wa jumuiya ya kheri, ile inayowapeleka wagonjwa hospitali. Sisi naye hatuna udugu, lakini mama mkwe wake alikuwa jirani na mama yangu kule Unguja. Walikuwepo waliofanya kazi na marehemu kwenye hoteli moja pale Garhoud, huku Uarabuni tunakoishi, Watanzania, Wakenya, Mganda mmoja, na wanaume wawili Wafilipino waliokaa kimya na vitambaa kichwani mpaka mwisho. Hao wote walikuwa ukumbini. Sisi wanawake tulikuwa ndani: mimi, dada yangu, na jirani yangu wa mlango wa pili. Na nyuma yetu, chumbani, nyuma ya pazia la maua, alikuwemo mkwe wangu, mke wa marehemu, amekaa eda, na watoto wake wawili wamemlalia mapajani. Chini mlangoni yupo askari wa jengo letu. Hakupanda juu, lakini namhesabu. Mkenya wa bara, mtu mzima mwenye masharubu ya mvi, siku hiyo alikuwa akiwapangia wageni magari yao pakingi.

Majina yao ninayo yote, na ya mama zao ninayo. Mimi skuli niliacha darasa la tatu, na asiyejua kuandika sana hujifunza kuweka vitu kichwani. Lakini hapa simtaji mtu. Waliokuwepo wanajijua.

Marehemu alikuwa mwanangu wa pili, na wa mwisho. Alikuwa mshika stoo wa jiko la hoteli. Aliondoka asubuhi amevaa shati lake la kazi, akaniuliza kama nataka kuletewa ndizi mbivu, nikamwambia lete. Wakamkuta amekaa juu ya gunia la mchele, mgongo umeegemea ukuta. Walidhani anapumzika.

Sasa kuna jambo moja lazima nilieleze, maana mambo yote yametokana nalo. Kwetu, maiti akishafukiwa, kabla watu hawajatawanyika, mmoja wa watu wake husimama akasema: jamani, huyu alikuwa mwanadamu, mwenye kumdai ajitokeze, atuambie sisi tutamlipa, au amsamehe. Mwanangu wa kwanza alisimama akasema hivyo. Yule Mganda akasema, "Mimi namdai sahani ya wali wa Alhamisi, lakini nimemsamehe." Watu wakatabasamu huku wanalia. Mwengine hakusema kitu. Mwanangu alipofika nyumbani, viatu vyake bado vina mchanga wa makaburini, kitu cha kwanza aliniambia, "Mama, tumeuliza. Hakuna anayemdai."

Siwezi kueleza namna nilivyopumua. Marehemu baba yangu alitulea na neno moja, kwamba roho ya maiti mwenye deni haipandi wala haishuki, inaning'inia. Mimi na deni hatukai nyumba moja. Hata duka la chini nilikuwa sichukui mkate kwa kuandikisha. Watoto wangu niliwaambia tangu wadogo, kitu cha deni sikili, sikivai, wala sikikalii. Basi nilipoambiwa hakuna anayemdai, nilisema moyoni, angalau mwanangu kalala amenyooka.

Hatukufikiri kwamba makaburini hawaendi wanawake. Na mtu pekee aliyejua alikuwa nyuma ya pazia.

Gari yenyewe ilikuwa kama basi dogo, ya rangi nyeupe, mlango wake wa upande unaburuzwa. Kabla yake marehemu alikuwa na gari ya kawaida, ya zamani, kiti kiko juu, na magoti yangu haya hayapandi. Alikuwa akinishika makwapani ananinyanyua kama mtoto, na mimi namtukana mbele za watu. "Niache! Unanibeba kama mzigo wa vitunguu!" Siku moja akaja na ile nyeupe. Sakafu yake iko chini kabisa. Unaburuza mlango, unageuza makalio, unakaa. Nikamuuliza, umepata wapi? Akasema, "Nimenunua, mama. Khalas. Panda." Nikamuuliza tena, umelipa? Akacheka. "Mama wewe, polisi wa forodhani! Panda, twende Hatta."

Alikuwa akinipeleka Hatta, kule milimani, nikiona dunia imeniwia nyembamba. Anasimamisha gari mahali panapoonekana majabali, anaburuza mlango, mimi nakaa pale pale kitini miguu nje, natazama mbuzi. Yeye anakaa chini kwenye kivuli cha gari anakula mihogo ya kukaanga niliyoifunga kwenye gazeti. Mara nyingine hatusemi kitu mpaka jua linageuka. Mimi nilizaliwa pasipo na milima, sijui kwa nini ile milima mikavu ilinikaa rohoni.

Basi siku ya tatu, juzuu zilipomalizika kusomwa na mwalimu akawa anataka kuomba dua, nilimwita mwanangu wa kwanza nikampa ufunguo wa ile gari na kadi yake, ile wanayoiita mulkiya. Nikamwambia, "Gari hii ni sadaka ya ndugu yako. Mpe mtu wa jumuiya. Wanaopelekwa kusafishwa damu wapande kama nilivyopanda mimi. Kila mlango ule ukifunguliwa, thawabu imfikie."

Akanitazama. "Mama, tungoje kidogo?"

"Tungoje nini? Mpaka nimfuate?"

Akachukua. Ufunguo ukawekwa juu ya sahani karibu na chetezo, ubani unafuka, na mwalimu akatangaza mbele ya watu kwamba mama wa marehemu ametoa gari. Watu wakasema Allahu Akbar. Ikasomwa Fatiha.

Hapo ndipo nikasikia sauti nyuma ya pazia. "Mama!" Halafu tena, kwa nguvu zaidi, "Mama!"

Dada yangu akainua pazia akaingiza kichwa. "Subiri mwanangu, subiri. Mama yako yuko hapa. Lia taratibu, wanaume wanasikia." Na mimi nikasema amina. Nilidhani uchungu umemzidi. Nilidhani ameona kile alichokuwa akikipanda mumewe kinaondoka. Kumbe alikuwa ananiita mimi, ana jambo la kunambia, na sisi wanawake wakubwa watatu tukamnyamazisha.

Mtu wa jumuiya alichukua gari siku ile ile. Nikamwona kutoka dirishani akiitoa pakingi, na yule askari Mkenya amesimama wima, mkono kifuani, kama anapita waziri.

Zilipita siku kama kumi. Mtu wa jumuiya akaja mwenyewe, hakupiga simu, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Akakaa ukingoni mwa kochi. Kahawa hakuigusa.

"Bi mkubwa," akasema, "nisamehe. Nilikwenda kuibadilisha gari kwa jina la jumuiya. Wamenikatalia. Gari ina rehani."

"Rehani ya nani?"

"Ya benki. Imenunuliwa kwa mkopo. Mpaka benki ilipwe yote na itoe barua ya kuiachia, gari haiwezi kuuzwa wala kutolewa. Hata bure haitoki."

Mwanangu wa kwanza akainuka. "Haiwezekani! Tuliuliza makaburini! Mbele ya watu wote tuliuliza!"

Yule mtu akatazama chini. "Ndugu yangu, najua mliuliza. Nilikuwepo."

Akaitoa ile mulkiya, akaiweka mezani. Nikaomba miwani yangu. Mimi Kiingereza sikijui, lakini herufi za Kurani nazijua, nimezisoma tangu nina meno ya utoto. Na pale kwenye kadi limeandikwa kwa Kiarabu neno lile lile, rehani, na jina la benki mbele yake. Kadi ile niliishika mkononi siku ya tatu. Niliibusu. Sikuvaa miwani kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji na miwani haisaidii kitu.

Mwanangu alishuka chini kwa hasira, na huko akamkuta askari. Alinihadithia baadaye. Alimweleza yote, tuliuliza, watu wakanyamaza, sasa benki inatoka wapi? Yule Mkenya akamwambia, "Pole brother. Lakini benki haikujangi matanga. Wewe ungewapelekea death certificate, hapo ndio wangeongea." Mwanangu alitaka kumkasirikia, akaishia kumpa mkono.

Mimi niliingia chumbani. Mkwe wangu alikuwa ameshasikia, ukuta wetu ni kama karatasi. Amekaa juu ya mkeka na nguo zake nyeupe, mgongo kwangu.

Nikasema, "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na hukusema?"

Akageuka. Nimemlea mtoto huyu miaka kumi na mbili, sijapata kumwona na macho yale. "Nilikuita," akasema. "Nilikuita mara mbili."

Nikakaa chini. Magoti yangu hayakai chini, lakini siku ile yalikaa.

Nikamuuliza kwa nini yeye marehemu hakunambia. Akainyoosha pembe ya mkeka. Halafu akasema, "Aliniapisha. Alisema, mama akijua ina deni hatoikalia hata siku moja. Atabaki ndani na magoti yake mpaka afe. Akasema atalipa polepole, ikiisha atakwambia, mtacheka."

"Ilibaki miezi mingi?"

"Si mingi sana. Siku zile za mwisho alikuwa akihesabu miezi kwa vidole. Akasema ikiisha atakupeleka Hatta mkalale huko, asubuhi muone mbuzi wanatoka."

Sikulia mbele yake. Nilimwomba maji nikayanywa, nikamrudishia bilauri, nikatoka. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili watu wasinisikie. Mimi niliapa sikalii deni, na nimekaa juu ya deni la mwanangu nikala mihogo na kutazama milima. Deni lake lilikuwa la magoti yangu. Na neno langu mwenyewe, lile nililojivunia miaka yote, ndilo lililomfunga mdomo.

Tukamwita mwalimu. Alikuja baada ya alasiri, akatusikiliza, akapangusa uso wake na kilemba. Akasema deni ni la mwanzo, hata kabla ya urithi, wacha sadaka. Halafu kilichobaki ni cha warithi, mke ana fungu lake, watoto wana lao, na mama ana sudusi, yaani moja katika sita.

"Kwa hiyo mimi," nikasema, "nilitoa gari nzima na changu ni moja ya sita."

"Ndiyo, bi mkubwa."

"Na hiyo moja ya sita ni ipi? Kiti changu na tairi moja?"

Alitaka kujizuia asicheke, hakuweza. Na mimi nikacheka, na mwanangu akacheka, na chumbani nikasikia mkwe wangu naye anacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Ndiyo mara ya mwisho niliyocheka mwaka ule.

Nikamuuliza, na ile Fatiha je? Watu walishasema Allahu Akbar. Nitasemaje kwa watu, nimeirudisha sadaka ya maiti? Kwetu mtu anayetoa kisha akarejesha anajulikana kwa jina baya, nisiliandike.

Mwalimu akasema, "Hukurejesha. Hukutoa, kwa sababu haikuwa yako kuitoa. Ile Fatiha imwendee yeye, haihitaji gari kuipeleka."

Alisema vizuri. Lakini si yeye aliyekuwa wa kwenda kuichukua gari.

Nilikwenda mwenyewe. Mwanangu alitaka aende peke yake, nikakataa. Aliyetoa kwa mdomo wake arudishe kwa miguu yake. Tulikwenda kwa teksi. Gari ilikuwa uani kwao, chini ya kivuli cha bati, imeoshwa. Mtu wa jumuiya alitupokea kama wageni wa harusi, na heshima yake ndiyo iliyoniumiza.

Akaburuza mlango. Ndani, ubavuni mwa kiti changu, walikuwa wamefunga mkono wa chuma wa kushikia. Waliufunga mapema kwa furaha, kabla ya makaratasi, kwa ajili ya bibi mmoja wa Kisomali ambaye mguu wake mmoja umekatwa. Walikuwa wameshamwambia kwamba gari yake inakuja.

Nikasema, "Ung'oeni basi, ni wenu."

"Acha, bi mkubwa," akasema. "Ukiung'oa unaacha matundu. Atakayeinunua huenda ana mama."

Niliketi kitini kwangu kwa mara ya mwisho, nikashika ule mkono. Ungekuwepo tangu mwanzo ningepanda peke yangu, nisingemtukana. Mto wangu wa mgongo ulikuwepo, na kwenye kijishimo cha mlango kulikuwa na gazeti lililokunjwa, lina mafuta ya mihogo. Gazeti nililitia mkobani. Mto nikauacha, nikasema uende kwa yule bibi wa Kisomali, uwe angalau kitu kimoja kimefika.

Gari iliuzwa benki ikijua, na benki ikachukua chake kwanza. Alinunua mtu wa Sharjah. Sikuuliza kama ana mama. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na cha watoto ni cha watoto. Sudusi yangu niliipeleka kwenye jumuiya. Haikufika hata mlango wa gari kama ile. Yule mtu akaniandikia risiti kwa jina la marehemu, nimeiweka ndani ya msahafu.

Barua ya benki ilipotoka, nilimpa mwanangu wa kwanza nikamwambia, nenda nayo makaburini, mwambie ndugu yako imekwisha. Akasema, "Mama, maiti hasomewi barua." Nikamwambia, basi nenda kasimame tu. Akaenda. Alirudi jioni macho mekundu, sikumuuliza alisema nini.

Eda ilipomalizika, miezi minne na siku kumi, tulifanya hitma tena. Watu wale wale, ila Mfilipino mmoja alikuwa amesharudi kwao. Na safari hii askari Mkenya alipanda juu, nilimtumia mtu amwite, akakaa karibu na mlango na kofia yake mapajani. Kabla ya dua nikamwambia mwalimu aeleze yote mbele ya watu kama yalivyotokea, gari, rehani, na kurejeshwa. Akaeleza. Hakuna aliyeguna. Kisha nikaomba swali liulizwe upya, lakini mara hii wanawake wasikie, pazia liinuliwe, na nitauliza mimi.

Nikasema, "Mwenye kumdai mwanangu, aseme."

Wanaume hawakusema kitu. Halafu mkwe wangu, ambaye ndiyo kwanza ametoka chumbani, ameoga na kuvaa kanga mpya, akasema, "Mimi."

Watu wote wakageuka. Nikasema, "Sema mwanangu. Safari hii tunakusikia."

"Siku ile asubuhi aliniambia atarudi mapema," akasema. "Nimemngoja mpaka leo. Nimemsamehe."

Nikamvuta nikamlaza kifuani kwangu. Na mimi nilikuwa namdai, ndizi mbivu, lakini hilo nililisema kimoyomoyo. Mwalimu akasoma Fatiha, na safari hii hapakuwa na kitu chochote juu ya sahani.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Mjukuu wangu ndiye aliyenisahihishia herufi, mambo yenyewe ni yangu. Lakini mkwe wangu aliposomewa alisema viti vya gari ile vilikuwa vya kijivu, na mimi naapa vilikuwa vya rangi ya mchanga. Tumebishana siku mbili. Picha hatuna, kwa sababu nilikuwa nikikataza kupigwa picha na ile kanga yangu ya nyumbani. Wewe uliyepata kupanda, hata mara moja, hata mpaka msikitini tu, nambie vilikuwa rangi gani. Na kama kuna mahali pengine nimekosea, nani alikaa wapi, nani alisema nini, nisahihishe nikiwa bado hai. Usiningojee makaburini.